Mkeka Nyuma ya Kisogo Changu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu nyamaza unisikilize. Nimeshachekwa Kasongo, nimechekwa Kabambare, na Salamabila nimechekwa na fundi asiyejua tofauti ya bujii, ile plagi ya injini, na msumari. Nimezoea. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, na mimi ni Mwislamu, pombe ya lutuku siijui hata harufu yake. Haya, harufu naijua, nani asiyeijua, lakini kinywani haijafika.

Na jambo moja nalisema mapema ili tusigombane mbele. Esanse, petroli ya gari langu, ilikuwa mbaya. Kuna watu wakisikia kisa hiki hadi mwisho wanasema, aa, kumbe esanse haikuwa na kosa, maskini dereva alijisumbua bure. Hapana. Ilikuwa mbaya, nitasema hivyo mpaka siku nitakayozikwa, na aliyeniuzia alijua.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Wabelgiji, wakati barabara ya Kasongo kwenda Kabambare ilikuwa bado barabara. Kila kijiji kilikuwa na kipande chake cha kufyeka na kujaza mashimo, na usipofyeka utakiona. Mimi nilikuwa dereva wa mzungu mmoja mnunuzi wa pamba. Aliporudi kwao, kamioneti yake, gari dogo la mizigo, ikabaki kwangu. Usiniulize ilibakije, hicho si kisa cha leo. Watu walisema nimebahatika. Bahati gani? Ile kamioneti ilikuwa imebeba pamba tangu ujana wake, ikaniangukia mimi uzeeni. Ukikanyaga pedali ya mwendo injini ilinguruma kama inakwenda Ulaya, na magurudumu yakabaki Kasongo.

Niliutafuta ugonjwa wake kwa subira, niamini. Nilifungua chujio la hewa nikakuta nyuzi za pamba zimejaa humo hadi gari lilikuwa linapumua kwa shida. Nikasafisha. Bujii zilikuwa nyeusi kwa masizi, nikabadili. Nikapima kama klachi inateleza: unavuta breki ya mkono, unaweka gia ya tatu, unaachia klachi polepole; injini ikizimika, klachi ni nzima. Ikazimika. Nikafungua karibirateri, pale esanse inapochanganyika na hewa, nikapuliza vitundu vyake kimoja kimoja. Na gari likapona. Likapanda milima na magunia ya mchele likiwa gia ya tatu. Kumbuka hilo vizuri: siku ninayotaka kukueleza, gari lilikuwa zima.

Kitu kimoja tu sikukitengeneza, nacho ni kioo cha dirisha la nyuma, kile kilicho nyuma ya kichwa cha dereva. Gunia la pamba lilikivunja zamani za yule mzungu. Palibaki tundu wazi, na ukikaa kwenye usukani upepo ulikupiga kisogoni. Kioo cha namna ile ningekipata wapi Kasongo? Nikaacha.

Sasa nikueleze mama mkwe, maana bila yeye hutaelewa kitu. Kwetu mtu hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake. Ukimwona anakuja njiani unaacha njia, unaingia majanini, unageuza mgongo mpaka apite. Hamli sahani moja. Hamkai mahali pamoja bila kitu katikati yenu. Si chuki. Ni heshima, tena hakuna inayoipita, kwa sababu amekupa mtu aliyemzaa.

Mama yake Zaina, mke wangu, alikuwa Mbangubangu wa upande wa Kabambare, mtu wa zamani hasa. Alipokuja kwetu Kasongo alikaa nyuma ya ukuta wa matete, mimi upande huu, tukaongea vizuri kabisa. Alikuwa na ulimi, mama yule. Kuhusu kamioneti yangu alinitania sana. Aliuliza kama nimenunua motokari ama nimenunua kelele. Alinipikia samaki wa kukaushwa kwa mawese, akaituma sahani imefunikwa, na nikianza kumsifu aliniambia kutoka upande wa pili nipunguze maneno, samaki anapoa. Nilimpenda sana. Lakini uso wake sikuujua. Nilijua sauti yake, na nilijua miguu yake, kwa sababu ukuta wa matete haukufika chini kabisa, na mtu mwenye heshima huangalia chini. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kililiwa na funza alipokuwa mtoto. Kifundo cha kulia kilikuwa na kikuku cha shaba, chembamba, kimelika upande mmoja. Miguu ile ningeitambua sokoni kati ya miguu mia.

Aliugua kifua, akaletwa Kasongo, akafia Kasongo, alfajiri. Neno alilomwachia Zaina lilikuwa moja: azikwe kwao, ng'ambo ya Kabambare, kando ya mama yake. Maiti alioshwa, akavikwa sanda, na Asumani, kaka yake Zaina, akatoa hukumu. Maiti halazwi. Tutafika kabla jua halijatua; tusipofika, tutamzika katika kijiji chochote tutakachokuwa, kando ya barabara, kati ya watu ambao hakuwajua. Zaina akaniangalia. Unajua mke anavyokuangalia wakati gari ni lako na mama ni wake?

Basi nikaenda kutafuta esanse. Treni ilikuwa imechelewa, mapipa mapya hayajafika, na duka lililobaki na esanse lilikuwa moja tu, nalo silitaji. Pipa lilikuwa limesimama wima uani, mvua ya masika yote imelinyeshea. Wewe unaweza kusema pipa limefungwa, maji yataingiaje? Nitakueleza yanavyoingia. Mvua inasimama juu ya pipa, kuzunguka kizibo. Mchana chuma kinapata moto, jioni kinapoa, na kikipoa kinanyonya. Kinanyonya maji polepole kupitia kizibo, kila siku kidogo. Pipa hulazwa ubavu, kila mtu anajua, isipokuwa mwenye duka yule. Nikamwaga matone kiganjani. Esanse nzuri hukauka mara moja na kuacha baridi. Hii ilikauka nusu, ikaacha mafuta mafuta na harufu ya taa. Kwa hiyo maji, tena na mafuta ya taa juu yake. Nikamwambia. Akaniuliza kama ninayo nyingine. Ningefanya nini? Mama mkwe alikuwa amelala pale ananingoja.

Nilikuwa na ngozi laini ya kuchujia, ile inayopitisha esanse na kukataa maji, urithi wangu mmoja wa maana kutoka kwa mzungu. Niliitafuta chini ya kiti. Haipo. Asumani akaileta akitabasamu. Alikuwa ameitumia kusugua mnyororo wa baiskeli yake, ili kusaidia, alisema. Baiskeli yenyewe alikuwa ameipandisha kwenye kamioneti, kando ya mama yake, kwa sababu hakuliamini gari langu. Ngozi ikishalowa grisi inapitisha kila kitu. Nikachuja kwa kitambaa, na kitambaa huzuia uchafu tu, maji yanapita yakikucheka.

Tukaondoka. Nyuma alilala mama juu ya machela, ameelekezwa kichwa upande wa kabini, na Zaina ameketi pembeni yake, na mkeka wa mama umeviringishwa pale pale. Mbele nilikuwa mimi na Asumani, na kinywa cha Asumani.

Mlima wa kwanza, gari likalegea. Nilikanyaga pedali hadi chini, injini ikalia, mwendo hakuna. Nikashuka gia. Hakuna.

"Mama iko anakataa," Asumani akasema.

"Mama hana kosa. Esanse iko na mayi."

"Mufu akikataa kwenda anakuwaka muzito. Tulibebaka mujomba yetu ku mabega, watu wanane, akakataa ku mutoni. Tukamuomba musamaha, akakuwa mwepesi. Simama tumuombe."

"Motokari haibebwi ku mabega, shemeki."

Lakini aliteremka, akazunguka nyuma, akamwomba mama yake msamaha kwa mambo mengi ambayo mimi nisingependa kuyasikia, na jua likaendelea na safari yake. Tulipoondoka tena gari likavuta kidogo. Asumani akaniangalia kwa ushindi. Nikamwambia maji yametikisika tu kwenye tangi. Akasema haraka haraka haina baraka. Sasa niambie, mtu anakuambiaje maneno hayo wakati yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuwahi?

Ni baada ya hapo nilipomwona yule mwanamke.

Alikuwa anatembea mbele yetu katikati ya barabara, amebeba kitunga mgongoni, kamba ya kitunga imepita kwenye paji la uso kama wanavyobeba wanawake wa kule. Ametupa mgongo. Nikapiga honi. Hakusogea. Nikakanyaga pedali ili nimpite pembeni, na pale pale gari likalegea. Injini inapiga kelele, moshi unatoka, na yule mwanamke anatembea mwendo wa mtu anayetoka shambani, hatumpati. Niamini ninachokuambia. Tulikuwa kwenye tambarare, gia ya pili, tunamfuata mwanamke wa miguu na hatumpati. Alipopotea kwenye kona, gari likarudisha nguvu, likaruka mbele. Tulipopita kona, yule pale, umbali ule ule, na nguvu zikaisha.

"Huyu mwanamke ni nani?" nikauliza.

"Mwanamke gani?"

"Huyu hapa mbele."

"Miye siko naona mutu," Asumani akasema, akaanza kunieleza kwamba njaa inaweza kumwonyesha mtu vitu.

Nilidhani ananitania, na siku ya msiba si siku ya kutania. Nikasimamisha gari, nikafungua boneti. Nakiri nilifungua kwa hasira, ningeweza kulivunja. Ugonjwa unaokuja na kuondoka ndio mbaya kuliko wote, muulize fundi yeyote. Ukiwa upo muda wote unaufuata hadi unaushika. Huu unakuonyesha mkia na kuingia shimoni. Nikafungua kikombe cha karibirateri, nikakimwaga kwenye kiganja. Maji. Matone mazuri, mviringo, yanazunguka chini ya esanse. Nikamwonyesha Asumani. Nikampelekea Zaina nyuma kumwonyesha. Sijui kwa nini nilimwonyesha, alikuwa amekaa na mama yake maiti na mimi namletea maji kiganjani, lakini nilitaka mtu mmoja ulimwenguni akubali kwamba nimesema kweli. Zaina akaangalia, akasema, "Basi toa yote, tuende."

Nikafungua kizibo cha chini ya tangi, nikayaacha maji yatoke mpaka ilipoanza kutoka esanse. Nikapuliza vitundu. Nikafuta bujii. Nikaangalia hata kitundu cha kifuniko cha tangi, maana kikiziba esanse haishuki. Kilikuwa wazi. Nikawasha, injini ikazunguka vizuri, ikigonga kidogo kwa sababu ya mafuta ya taa, lakini yenye nguvu. Tukaruka. Nikaanza hata kuimba moyoni. Na mbele, katikati ya barabara, kitunga mgongoni, yule mwanamke. Na gari likafa nguvu.

Nilipiga usukani kwa ngumi. Jua lilikuwa limeshapita kichwani zamani, linatuingia kwa nyuma, na Kabambare bado. Asumani akaanza kuuliza kijiji kinachofuata kina watu gani, kama kuna Waislamu, kama udongo wake ni mlaini. Nyuma nikamsikia Zaina analia kwa sauti ndogo, ile ya mtu anayejizuia. Kupitia tundu la dirisha niliisikia kama iko ndani ya sikio langu.

Tukasukumana hivyo hadi kwenye kijito, radieta inachemka. Nikachukua bidoni, nikamwambia Asumani akae na dada yake, nikateremka peke yangu kuchota maji.

Yule mwanamke alikuwa pale. Ameketi juu ya jiwe, ametua kitunga, ameweka miguu majini. Ulikuwa mchana, nakukumbusha. Nilikuwa na hasira ya njia nzima na nikampa yote.

"Weye mama, hii njia yote ni yako? Napiga honi napiga honi, hauone motokari?"

"Ninaiona," akasema. "Ninaisikia pia. Hata wafu wa vijiji tulipita wameisikia."

Sauti ile. Sikuwa na haja ya ukuta wa matete kuijua. Macho yangu yalishuka yenyewe, kama yalivyozoea kushuka, yakafika majini, na ndani ya maji niliona mguu wa kushoto usio na kidole kidogo, na kwenye kifundo cha kulia kikuku cha shaba kilicholika upande mmoja. Bidoni ikaniponyoka. Maji ya kijito yalikuwa yanapita juu ya miguu ile, na yalikuwa hayagawanyiki. Yalipita tu kama hakuna kitu.

Unafikiri nilikimbia? Nilichofanya ni kile nilichofundishwa. Nikageuka, nikampa mgongo, nikakaa kwenye majani. Heshima ni heshima.

"Mama," nikasema, "tunakupeleka nyumbani."

"Najua, mukwe. Umefanya vizuri. Lakini unanipeleka namna gani? Nalala pale nyuma, kisogo yako ile pale mbele yangu, hakuna hata jani moja kati yetu. Nani alionaka mambo ya namna hii? Nikaona haya. Nikashuka, natembea."

"Kabambare iko mbali, mama."

"Najua iko mbali. Miguu iko inauma."

Ndugu yangu, hapo woga ulinitoka na machozi yakaingia. Mama wa watu ametembea tangu Kasongo na kitunga mgongoni, amekufa alfajiri ile ile, anatembea kwa sababu yangu, kwa heshima yangu mimi, na mimi nampigia honi.

"Kwa nini haukumwambia Asumani? Anaongea na weye ku kila mulima."

"Asumani anasikia kinywa yake tu. Tangu mutoto."

Nikacheka. Nakuambia nilicheka huku nalia, nimempa mgongo maiti kwenye kijito. Kisha nikamwuliza lile swali lililokuwa linaniwasha, na usinilaumu, mtu aliyefungua karibirateri mara nyingi vile ana haki ya kujua.

"Basi ile esanse haina kosa?"

"Esanse iko mubaya," akasema. "Ile ni ya kwako. Ile ingine ni ya kwangu. Weka kitu, mukwe. Kile tulikuwaka nacho siku zote."

Nikasikia maji yanatikisika kidogo. Niligeuka macho yakiwa chini. Jiwe lilikuwa kavu.

Nilipanda kwenye barabara nikisahau maji ya radieta, ikabidi nirudi tena, na kurudi kule peke yangu kulikuwa kazi kuliko yote. Kisha nikaenda nyuma ya kamioneti na kumwomba Zaina mkeka wa mama yake. Hakuuliza. Aliangalia lile tundu la dirisha, akaangalia kichwa cha mama yake kilivyolala karibu nalo, akafunika mdomo kwa kiganja. Akanipa mkeka. Asumani ndiye aliyeuliza.

"Mukeka ya mufu unaifanya pazia?"

"Nipe mipira ya baiskeli yako," nikamwambia.

"Ya kufanya nini?"

"Shemeki, tangu asubui sijakuomba kitu. Nipe."

Alitoa mipira ya ndani ya magurudumu kwa huzuni kubwa, nikaikata vipande, nikautundika mkeka kwenye dirisha la nyuma na kuufunga imara pande zote, hadi upepo ukaacha kunipiga kisogoni. Nikawasha gari.

Esanse ilikuwa ile ile. Mafuta ya taa yalikuwa yale yale, injini inagonga kama mtu anatwanga mihogo. Kwa sheria yote ninayoijua ya magari, kamioneti ile haikupaswa kupanda ule mlima baada ya kijito hata kwa gia ya kwanza. Iliupanda kwa gia ya tatu. Mbele hapakuwa na mtu. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu, na mimi nimekanyaga pedali hadi chini na siiachii, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na kwa sababu, kusema kweli, niliogopa kuiachia. Na kwenye mteremko, nyuma ya mkeka, karibu kabisa na sikio langu, nikaisikia sauti tulivu ikisema:

"Polepole, mukwe. Mutoto wangu ameketi huku bila kitu cha kushika."

Nikamwangalia Asumani. Alikuwa anaeleza kwamba msamaha wake ndio uliosaidia, ila ulichelewa kumfikia mama.

Tulivuka Kabambare watu wakikimbia pembeni. Tulipofika kwao jua lilikuwa limekaa juu ya miti, kaburi liko tayari, liko pale alipotaka, kando ya mama yake. Waliutoa mkeka dirishani kwa sababu ulikuwa wake na uende naye. Kabla hawajamshusha, shangazi mmoja wa Zaina alinijia, akaniambia kifo kinafungua uso, mkwe anaruhusiwa kumwona mama mkwe wake mara moja, je, nataka? Nilisema hapana. Wakafikiri ni kiburi cha watu wa Kasongo. Nilikuwa nimeshaonana naye siku ile kadiri tulivyoruhusiwa, na sikutaka kuongeza.

Usiku ule nilikuwa nimelala kwenye ukumbi wa watu, macho wazi. Zaina alikuja akaketi karibu, akiwa amechoka, macho yamevimba. Akaniuliza kitu kimoja.

"Mama alikuambia polepole. Kwa nini haukupunguza mwendo?"



Na kama unafikiri kisa kinaishia kaburini, hujawahi kumiliki gari lililotumika. Siku ya kurudi, kamioneti ikiwa tupu, mimi na Zaina tu, Asumani amebaki msibani, mlima wa kwanza baada ya Kabambare ikalegea. Hakuna maiti, hakuna mtu mbele. Nikafungua kikombe, maji hakuna. Nilikaa kwenye mtaro nikashika kichwa. Zaina akavua kitenge chake cha juu, akakitundika kwenye dirisha la nyuma, tukapanda. Kasongo nilimwaga esanse yote, nikangoja treni, nikapata ngozi mpya ya kuchujia na kuificha, watu wa baiskeli wasiione. Gari likawa zuri kama magari mengine, ilimradi pazia lipo. Nikilitoa kulifua, gari halivuti. Mwisho nikamuuzia mfanyabiashara mmoja wa Salamabila, nikamwambia wazi, usitoe pazia. Alilitoa siku ile ile, eti ni la kishamba. Kisha akanipelekea ujumbe kwamba nimemdanganya, gari halina nguvu. Nikamjibu, tundika pazia. Akaniita mchawi. Basi na akae na ushahidi wake barabarani.

Kwa hiyo sikiliza. Gari likikosa nguvu, anza na esanse. Mwaga kiganjani, ingoje ikauke, nusa. Usinunue kwenye pipa lililosimama wima. Fungua kikombe, fungua chujio la hewa, angalia bujii na klachi, usimpe shemeji yako ngozi ya kuchujia. Ukimaliza yote hayo na bado halivuti, geuka uangalie umembeba nani, na kuna nini kati yenu. Na njiani ukimkuta mwanamke mzee na kitunga chake, unakanyaga na humpati, acha honi. Shuka, inamisha macho, umuulize anaona haya kwa sababu gani.

Mimi sasa ni mzee, na Zaina amekuwa mama mkwe. Binti yetu ameolewa na kijana mzuri, mchapakazi, wa siku hizi. Anakula sahani moja na Zaina, anamwangalia machoni, wanacheka pamoja, na sawa, kila wakati una watu wake. Juzi alikuja kunionyesha gari alilonunua kwa mtu, kamioneti, rangi bado nzuri. Alifungua boneti, akaisifu injini. Mimi nilizunguka nyuma. Dirisha la nyuma halina kioo.

Alidhani nimekasirika, nilipoondoka bila kuaga. Nilikwenda sokoni kununua mkeka.